Amelia Earhart na Usuhuba wa Marubani

Jina la Amelia Earhart linapotajwa, jambo la kwanza linalowajia wengi akilini ni kutoweka kwake. Tarehe 2 Julai 1937 ndege yake iliondoka Lae, katika kisiwa cha New Guinea, ikaelekea kisiwa kidogo cha Howland kilichoko katikati ya Bahari ya Pasifiki, na haikuonekana tena. Tangu siku hiyo vitabu vingi vimeandikwa, na misafara mingi imefanywa kulitafuta kaburi lake lisilojulikana. Kishindo cha kifo hicho kimekuwa kikubwa mno hata kimeufunika uhai wake. Aghalabu husahaulika kwamba mwanamke huyu alikuwa mfanyakazi aliyesaka ajira, akabadilisha ajira, akawatumikia abiria, na akawa na wenzake wa kufa kuzikana. Makala haya yanamtazama kwa jicho hilo: Amelia miongoni mwa marubani wenzake.

Malezi ya Kuhamahama

Amelia Mary Earhart alizaliwa tarehe 24 Julai 1897 katika mji wa Atchison, jimbo la Kansas, nchini Marekani. Babake, Edwin, alikuwa wakili aliyefanya kazi na kampuni za reli. Ulevi wa baba huyo uliivuruga familia, kazi ikawa haikaliki, na Amelia na nduguye Muriel wakalelewa kwa kuhamahama: Kansas City, Des Moines, St. Paul na hatimaye Chicago, ambako Amelia alikamilisha masomo yake ya sekondari mwaka wa 1916. Aliyehamishwa kila mara hujifunza mambo mawili: kuagana bila machozi na kufanya urafiki upesi. Sifa hizi mbili zilimfaa sana baadaye.

Mwaka wa 1917 alimtembelea nduguye mjini Toronto, Kanada. Huko aliwaona wanajeshi waliorejea kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia wakiwa wamekatwa viungo, wengine wakitembea kwa magongo. Aliacha mpango wake wa masomo akawa msaidizi wa wauguzi katika hospitali ya wanajeshi. Baadhi ya wagonjwa wake walikuwa marubani, na kwa kuwasikiliza na kuwatazama wenzao wakiruka katika viwanja vya karibu, moyo wake ulianza kuvutwa na anga. Homa kali iliyoenea duniani mwaka wa 1918 ilimpata, ikamwachia maradhi ya pua ambayo hayakumtoka maisha yake yote.

Kuingia Katika Kazi

Mwishoni mwa mwaka wa 1920 Amelia alikuwa na wazazi wake California. Tarehe 28 Desemba babake alimlipia dola 10 ili abebwe angani kwa dakika 10 na rubani Frank Hawks. Aliposhuka, alikuwa amekwisha kuamua. Siku chache baadaye, mnamo tarehe 3 Januari 1921, alikwenda katika uwanja wa Kinner, viungani mwa Los Angeles, akamwomba rubani wa kike aliyeitwa Neta Snook amfundishe.

Ada ya mafunzo ilikuwa ghali, na fedha nyumbani zilikuwa haba. Amelia alifanya kazi katika kampuni ya simu, akapiga picha, akaendesha lori. Ili kuufikia uwanja, alipanda gari la abiria hadi mwisho wa njia, kisha akatembea kwa miguu mwendo mrefu. Uwanja wenyewe ulikuwa shamba tu lenye vumbi, banda la ndege na mafundi wenye mikono iliyopakaa oili. Katika mazingira hayo mgeni alitambulika kwa mavazi yake. Inasimuliwa kwamba Amelia aliponunua koti jipya la ngozi, marubani wenzake walimcheka jinsi lilivyong'aa, naye akalala akiwa amelivaa usiku kucha hadi likachakaa na kufanana na yao. Alizikata pia nywele zake kidogo kidogo, zikawa fupi kama za marubani wengine wa kike. Kisa hicho kinaonyesha ukweli kuhusu kazi ya urubani wa wakati ule. Leseni ilitolewa na wakuu, lakini kukubalika kulitolewa na wenzi uwanjani.

Katika kiangazi cha mwaka huo wa 1921, kwa msaada wa mamake, alinunua ndege ndogo ya rangi ya manjano iliyoundwa na Bert Kinner, akaiita Canary. Mwezi wa Oktoba 1922 aliipandisha hadi futi 14,000, kimo ambacho hakikuwa kimefikiwa na rubani wa kike. Mwaka wa 1923 alipata leseni yake ya kimataifa. Hata hivyo, sifa hazikuleta mkate mezani. Ndoa ya wazazi wake ilivunjika, fedha zikaisha, na mwaka wa 1924 akaiuza ndege yake. Alivuka nchi na mamake kwa gari hadi pwani ya mashariki, na hatimaye akaajiriwa Boston katika Denison House, kituo cha kuwasaidia wahamiaji maskini, ambako aliwafundisha watoto na watu wazima lugha ya Kiingereza. Urubani ukawa shughuli ya mwisho wa juma.

Sifa Zilizomwaibisha

Mwaka wa 1928 alipigiwa simu kazini, akaulizwa iwapo angependa kuvuka Bahari ya Atlantiki kwa ndege. Hakuna mwanamke aliyekuwa amefanya hivyo. Ndege ya Friendship iliondoka Trepassey, Newfoundland, tarehe 17 Juni, na baada ya saa 20 na dakika 40 ikatua majini karibu na Burry Port, Wales. Usukani ulikuwa mikononi mwa Wilmer Stultz, na fundi alikuwa Lou Gordon. Amelia hakuushika usukani hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kuandika kumbukumbu za safari.

Hata hivyo, umati ulimkimbilia yeye. Stultz na Gordon, waliofanya kazi yote, waliachwa pembeni kama watumishi. Amelia aliona haya. Alirudia kuwaeleza waandishi wa habari kwamba wanaume hao wawili ndio waliostahili sifa, na akajifananisha na gunia la viazi lililopakiwa ndegeni. Ni kweli kwamba Stultz alilipwa dola 20,000 na Gordon dola 5,000, ilhali yeye hakulipwa chochote kwa safari hiyo. Lakini umaarufu ni mali pia, na mali hiyo iliangukia mikononi mwa mtu aliyejua kwamba hakuitolea jasho. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Julai 1929, Stultz alikufa katika ajali ya ndege. Deni hilo la heshima lilimsukuma Amelia kwa miaka mingi.

Kabla ya kuondoka Uingereza, Amelia alinunua ndege ya Lady Mary Heath, rubani kutoka Ireland aliyekuwa ametoka kuruka peke yake kutoka Afrika Kusini hadi London mwaka uo huo. Kwa ndege hiyo aliivuka Marekani kutoka pwani hadi pwani na kurudi.

Mashindano ya Mwaka wa 1929

Umaarufu ulimpatia Amelia kazi katika usafiri wa ndege, sekta iliyokuwa changa. Mnamo mwaka wa 1929 aliajiriwa na kampuni ya Transcontinental Air Transport, na mwaka uliofuata akawa makamu wa rais wa shirika la Ludington, lililosafirisha abiria kila saa kati ya New York, Philadelphia na Washington. Mwenzake mmoja katika shirika hilo, Paul Collins, alikuwa rubani mkongwe wa posta. Marubani wa posta walikuwa wameruka usiku na katika ukungu, wakifuata reli na taa za ardhini, na wengi wao walizikwa wangali vijana. Kazi ya Amelia ilikuwa kuwashawishi watu, hasa wanawake, kwamba ndege haikuwa jeneza lenye mabawa, na kuyasikiliza malalamiko ya abiria waliotapika au waliochelewa. Shirika hilo lilipendwa na abiria, lakini lilinyimwa mkataba wa kubeba barua za serikali, na mwaka wa 1933 likauzwa kwa mshindani wake.

Tukio lililowaunganisha marubani wa kike, hata hivyo, lilitokea mwezi wa Agosti 1929. Kwa mara ya kwanza yaliandaliwa mashindano ya wanawake ya kuvuka nchi, kutoka Santa Monica, California, hadi Cleveland, Ohio. Kila mshiriki alitakiwa awe ameruka peke yake kwa saa zisizopungua 100. Washiriki 20 walijitokeza. Magazeti yaliwapachika majina ya mzaha, kana kwamba walikuwa wakienda karamuni.

Safari yenyewe haikuwa karamu. Amelia alipotua Yuma, ndege yake ilizama katika mchanga, ikasimamia pua na kupinda panga lake. Wenzake walikubali kusubiri hadi alipoletewa jingine, ingawa kila dakika ilikuwa na thamani. Blanche Noyes aligundua moto ndani ya ndege yake akiwa angani. Alitua katika kichaka karibu na Pecos, Texas, akauzima kwa mchanga, akaruka tena. Louise Thaden alikuwa karibu kuzimia kwa moshi wa injini, akalazimika kupumua kupitia bomba lililoelekezwa nje. Kisha ikaja habari iliyowanyamazisha wote: Marvel Crosson, mmoja wa marubani hodari kabisa miongoni mwao, alikuwa ameanguka na kufa katika jangwa la Arizona.

Palitolewa wito kwamba mashindano yasimamishwe na wanawake warejeshwe makwao. Marubani hao waliokuwa katika maombolezo walikataa. Wanaume wengi walikuwa wamekufa katika mashindano yao, na hakuna aliyesema wanaume waache kuruka. Waliona kwamba heshima kubwa zaidi waliyoweza kumpa marehemu ilikuwa kuimaliza njia aliyoianza. Thaden aliibuka mshindi, Gladys O'Donnell akawa wa pili, na Amelia, aliyekuwa maarufu kuliko wote, akawa wa tatu. Wenzake walijua kwamba hakuwa rubani bora kuwaliko. Naye alijua hivyo, na hakulificha. Pengine hiyo ndiyo sababu hawakumwonea kijicho.

Tisini na Tisa

Huko Cleveland, baada ya sherehe, baadhi yao walizungumza kuhusu kuunda chama. Tarehe 2 Novemba 1929 wanawake 26 walikutana katika uwanja wa Curtiss, Valley Stream, New York. Mkutano ulifanyika katika banda la ndege huku mafundi wakiendelea na kazi, na chai ikaandaliwa juu ya kigari cha vifaa vya ufundi. Barua ilikuwa imetumwa kwa wanawake wote 117 waliokuwa na leseni nchini Marekani. Lengo lilikuwa kusaidiana, kupashana habari za kazi na kutunza kumbukumbu za mafanikio yao.

Jina la chama lilizua mjadala mrefu. Yalipendekezwa majina ya ndege wa porini na majina mengine ya madaha. Amelia ndiye aliyependekeza kwamba chama kipewe jina kulingana na idadi ya waasisi wake. Waliojiunga walikuwa 99, na chama kikaitwa Ninety-Nines. Busara ya jina hilo ilikuwa katika usawa wake: hakuna aliyetajwa wala aliyetukuzwa, bali kila mmoja alihesabiwa. Mnamo mwaka wa 1931 Amelia alichaguliwa kuwa rais wake wa kwanza. Mwaka huo pia aliolewa na mchapishaji George Putnam, huku akimweleza waziwazi kwa barua kwamba ndoa isiwe kizuizi cha kazi yake.

Ilipofika tarehe 20 Mei 1932, alianza kulilipa lile deni la mwaka wa 1928. Aliondoka Harbour Grace, Newfoundland, peke yake katika ndege aina ya Lockheed Vega. Kipimo cha kimo kiliharibika, barafu iliganda juu ya mabawa, na ufa katika bomba la moshi ukatoa miali ya moto usiku kucha. Baada ya takribani saa 15 alitua katika malisho ya ng'ombe karibu na Londonderry, Ireland ya Kaskazini. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake. Safari hii hapakuwa na Stultz wa kuachwa pembeni. Mwezi wa Januari 1935 akawa mtu wa kwanza kuruka peke yake kutoka Hawaii hadi California.

Kisa cha Helen Richey

Kipimo cha usuhuba si karamu bali dhiki. Mwaka wa 1934, baada ya kifo cha rubani Florence Klingensmith katika mashindano ya mwaka uliotangulia, wanawake walizuiwa kushiriki mashindano makuu ya Cleveland. Amelia alikuwa ameombwa kumpeleka huko mwigizaji maarufu wa filamu, Mary Pickford, ili afungue sherehe. Alikataa.

Mwaka uo huo Helen Richey, aliyewahi kukaa angani karibu siku 10 mfululizo pamoja na Frances Marsalis huku wakiongezewa petroli wakiwa juu, aliajiriwa kuwa rubani na shirika la Central Airlines. Tarehe 31 Desemba 1934 alirusha ndege ya abiria kutoka Washington hadi Detroit. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba udugu wa marubani ulikuwa na ukuta. Chama cha marubani wa mashirika ya ndege, kilichoasisiwa mwaka wa 1931 kutetea mishahara na usalama wa wanachama wake, kilikataa kumsajili kwa kuwa alikuwa mwanamke. Wakuu wa serikali nao walishawishiwa ili asiruhusiwe kuruka hali ya hewa inapokuwa mbaya. Katika muda wa miezi kama 10 alipewa safari chache sana, na kazi yake kubwa ikawa kupigwa picha. Alijiuzulu mwaka wa 1935. Amelia alijitokeza hadharani kulipinga jambo hilo, bila kujali kwamba baadhi ya wapinzani walikuwa marafiki zake wa viwanjani.

Hakukomea katika maneno. Mwezi wa Septemba 1936, katika mashindano ya Bendix kutoka New York hadi Los Angeles, alimchukua Richey kuwa rubani mwenza katika ndege yake mpya. Walikuwa wa tano. Wa kwanza walikuwa Louise Thaden na Blanche Noyes, ambaye alikuwa amefiwa na mumewe, rubani pia, miezi michache kabla. Wa pili alikuwa Laura Ingalls. Wanawake waliozuiwa miaka miwili kabla sasa walikuwa wamewashinda wanaume katika uwanja mmoja.

Ukweli hauna budi kuelezwa kikamilifu, hata hivyo. Mnamo mwaka wa 1921, Amelia alipokuwa akijifunza Los Angeles, Bessie Coleman, Mmarekani mweusi, alikuwa Ufaransa akijipatia leseni yake, kwa kuwa shule za urubani za Marekani zilimfungia milango. Coleman alikufa katika ajali mwaka wa 1926, na marubani weusi wa Los Angeles na Chicago wakaunda vyama vyao wenyewe, kimojawapo kikiitwa kwa jina lake. Usuhuba wa angani uliosifiwa sana haukuwafikia watu wote, na aliyekuwa nje ya mlango mmoja angeweza kuwa ndani ya mlango mwingine.

Safari ya Mwisho

Kuanzia mwaka wa 1935 Amelia alikuwa mshauri wa wanafunzi wa kike katika Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana. Alikaa nao katika bweni, akala nao, akawauliza wanachotaka kufanya maishani badala ya wanachotarajiwa kufanya. Mfuko wa chuo hicho ndio uliomsaidia kupata ndege ya injini mbili, Lockheed Electra, aliyokabidhiwa siku alipotimiza umri wa miaka 39.

Kwa ndege hiyo alinuia kuizunguka dunia karibu na ikweta. Jaribio la kwanza liliishia kwa ajali Honolulu mwezi wa Machi 1937, na Harry Manning, aliyekuwa na ujuzi mkubwa wa redio, akaondoka katika msafara. Waliobaki walikuwa Amelia na Fred Noonan, mtaalamu wa kuongoza njia aliyewahi kutumikia Pan American. Waliondoka Miami tarehe 1 Juni. Walilivuka bara la Afrika kupitia Senegal, Gao, Fort-Lamy ambayo sasa ni N'Djamena, El Fasher, Khartoum, Massawa na Assab, kisha wakaelekea Asia. Walipofika Lae walikuwa wamesafiri takribani maili 22,000.

Kutoka Lae hadi Howland ni zaidi ya maili 2,500 za maji matupu. Meli ya Itasca ilikuwa ikiwangoja. Mabaharia waliisikia sauti ya Amelia, tena kwa nguvu, lakini yeye hakuweza kuzitumia ishara zao kujua upande waliko. Mipango ya masafa ya redio haikuwa imeafikiwa ipasavyo, na hakuna ndegeni aliyeimudu vyema lugha ya Morse. Mtu aliyeishi kwa kusikilizana na wenzake alipotea kwa kukosa kusikilizana. Msako mkubwa wa majini na angani ulikoma tarehe 19 Julai, na tarehe 5 Januari 1939 mahakama ikamtangaza kuwa amekufa.

Urithi

Wenzake hawakumsahau. Chama cha Ninety-Nines kilianzisha kwa jina lake ufadhili wa kuwasomesha marubani wa kike, ambao umetolewa tangu miaka ya 1940. Rafiki yake Jacqueline Cochran aliwaongoza zaidi ya wanawake 1,000 waliorusha ndege za kijeshi ndani ya Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia. 38 walikufa kazini, na hawakutambuliwa kuwa askari hadi mwaka wa 1977. Richey mwenyewe alirusha ndege za vita Uingereza na Marekani, kisha akafa mwaka wa 1947, bila kurudi katika usukani wa ndege ya abiria.

Mlango uliofungwa mbele yake ulifunguka mwaka wa 1973, shirika la Frontier lilipomwajiri Emily Howell Warner. Mwaka uliofuata, kile chama cha marubani kilichomkataa Richey kilimsajili Warner kuwa mwanachama. Miaka 40 ilikuwa imepita tangu Richey aajiriwe, na miaka 37 tangu Amelia apotee baharini.